Madame Hapana Alisema Ndiyo

Kuanzia Beni mpaka Lubero, mashariki ya Kongo, wakurugenzi wa makao ya wazee walimjua Kavira kwa jina moja tu: Madame Hapana. Hakujipa mwenyewe. Walimpa wao, baada ya kumkaribisha kwa soda na biskuti na kuagana naye wamenuna. Ofisi yake ya Beni ilimtuma kukagua jinsi wazee wanavyotunzwa, na Kavira hakuwa mtu wa kukagua kwa macho. Alifunua shuka akanusa godoro. Aliingia jikoni kabla hajasalimia mtu. Aliwashika wazee visigino, maana uso wa mzee unaweza kupanguswa haraka haraka mgeni akiwa bado anashuka kwenye pikipiki, lakini kisigino kilichosahauliwa miezi na miezi hakisafishwi kwa dakika moja. Akimaliza alisema hapana, na nyumba ikafungwa au mkurugenzi akafungasha virago.

Kuna waliosema ana roho mbaya. Waongo hao. Roho yake ilikuwa nzuri kwa wazee wote wa dunia hii, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Mama Débora, mama wa marehemu mume wake. Timothée alipokufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Beni, Kavira alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Matanga hayajaisha, Mama Débora alisimama mbele ya waombolezaji, akamnyooshea kidole, akasema huyu mchawi ndiye aliyemla mwanangu. Akaamuru godoro lake litolewe nje. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Butembo yenye baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, na kati ya wale wote waliokula na kucheza kwenye harusi yake hakuna aliyefungua mdomo. Kavira alikwenda kwa miguu mpaka Vuhovi, kwa mama yake. Njiani mimba ikaharibika. Alikuwa mtoto wa kiume. Mama yake, Mama Kanyere, ndiye aliyemzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, bila padri na bila wimbo.

Baada ya hapo Kavira alisoma, akapata kazi, akavaa viatu vya ngozi, akasahau mengi. Hilo hakulisahau, na wala hakujaribu.

Sasa Mungu, au shetani, mimi sijui ni nani kati yao hupanga ratiba za ofisi, akamtuma kukagua Makao ya Wazee Pumziko, juu ya kilima nje kidogo ya Butembo. Mkurugenzi wake aliitwa Roger, mtu wa suti na manukato aliyetumwa kutoka Kinshasa, ambaye baada ya miaka mingi hapo bado aliongea na wenyeji kama mtu anayesubiri ndege ya kurudi kwao.

"Madame Kavira, boyei malamu!" alisema, mikono miwili mbele. "Karibu, karibu. Bazee beko bien. Batakuambia bo benyewe."

Kavira alimpita, akaenda moja kwa moja jikoni. Chungu kimoja cha maharage, na mpishi akakiri kwamba hicho ndicho cha kutwa nzima. Akaingia vyumbani. Shuka zilikuwa mpya, bado zina mikunjo ya dukani, na chini yake magodoro yameoza kwa mikojo mpaka sponji inabaki mkononi. Madirisha mengine hayana vioo, yamezibwa kwa maboksi. Wazee wote hao walikuwa na msichana mmoja wa kuwahudumia, Shekinah, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anakimbia kutoka kitanda hiki kwenda kile na ndoo mkononi. Kavira alimwonea huruma. Akamchukia Roger papo hapo. Na lile neno lake, hapana, lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi, linangoja tu kuandikwa, tena safari hii angeliandika kwa furaha, kwa sababu masista wa parokia ya jirani walikuwa na nyumba nzuri yenye vitanda vitupu. Pumziko likifungwa, wazee wote wangehamishiwa kwa masista wiki hiyo hiyo.

Akafika kitanda cha pembeni, akamwona Mama Débora.

Alikuwa amepungua sana. Ule mwili mkubwa uliojaza mlango siku ya matanga ulikuwa umebaki mifupa ndani ya kikwembe, kitenge cha kujifunga, na macho yamefifia. Habari zake Kavira alizisikia siku nyingi: mwanawe aliyebaki, Muyisa, aliuza nyumba ile ile ya matanga, akaenda zake Kampala na kumwacha mama yake kwenye makao ya wazee. Alizisikia lakini hakujua ni makao yapi. Moyo ulimpiga, na sitaficha, ulimpiga kwa raha.

Simu ya Roger ikalia, na kwa kuwa chumbani hakuna mtandao, akatoka nje akipiga kelele "Allô? Allô?"

"Koko, banakuchungaka muzuri?" Kavira aliuliza, kwa lile jina la heshima la kuwaita wazee, kama alivyowauliza wengine.

"Tuko bien tu," alijibu Mama Débora kwa sauti ya kusikika. Akatega sikio mpaka viatu vya mkurugenzi vilipokuwa mbali, halafu akamkamata mkono. "Mama, hapana fuata ile nilisema. Tunalalaka mu mikojo. Batoto ya kutusaidia hakuna, ni uyu Shekinah yeye moja. Ona apa."

Akavuta kikwembe. Kwenye nyonga palikuwa na kidonda, kile kinachotokana na kulazwa upande mmoja bila kugeuzwa, chekundu, mapana yake kama kisahani cha chai.

"Andika, mama yangu," mzee alisema. "Andika yote. Bafunge hii nyumba, batupeleke kwa masista. Tutakuombea."

Mama yangu! Neno hilo lilimpanda Kavira kichwani. Siku ya mvua alikuwa mchawi, leo ni mama yangu.

"Uko mutoto ya nani?" Mama Débora akauliza, kama wazee wetu wote wanavyouliza wanapotaka kumwamini mtu.

Kavira angeweza kutaja jina lolote. Hakutaka. Alitaka mzee ajue ni mkono wa nani, la sivyo raha yote ingepotea bure. Akainama mpaka sikioni.

"Niko Kavira. Bibi ya mutoto yako Timothée."

Mkono ule ukamwachia. Mama Débora alitazama dari, na alipoongea tena sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha.

"Na utaandika nini?"

"Utasikia," Kavira alisema, akamfunika kikwembe chake vizuri kabisa, hadi kidevuni.

Katika ofisi ya Roger alikaa akaandika. Chakula: ndiyo. Usafi: ndiyo. Afya: ndiyo. Chini kabisa akaweka "très bien", yaani vizuri sana, na sahihi yake. Roger, ambaye alikuwa ameshapanga visingizio vyake vyote, vita, barabara, Kinshasa haitumi kitu, aliisoma ile karatasi, akaisoma tena.

"Madame… ni ya kweli?"

"Unataka nibadilishe?"

"Non, non, non!"

Na wale wazee wengine? Aliwafikiria, msidhani hakuwafikiria. Njia nzima ya kurudi Beni, vumbi linampiga usoni, walikuwa wanakuja mmoja mmoja: yule wa kitanda cha mlangoni aliyemshika mkono akambariki, yule asiye na mtoto hata mmoja duniani. Alijiambia kwamba mwaka mmoja si mwingi, ukaguzi mwingine utakuja. Akajiambia pia kwamba hata yeye alipotolewa nje kwenye mvua watu walimwona wakanyamaza, basi na wao wanyamaziwe. Alipofika kwake akapika samaki, akala akashiba, akalala usingizi wa mtoto mchanga. Kesho yake vilevile. Kila mvua iliponyesha aliwaza madirisha yenye maboksi, akawaza kitanda cha pembeni, roho ikamtulia.

Roger naye hakulaza damu. Alipeleka karatasi yake kwa paroko, ikasomwa baada ya misa, kati ya matangazo ya ndoa na ya usafi wa kanisa. Kisha akaipeleka redioni. Mji ulicheka. Kwenye soko wanawake waliambiana kwamba miujiza bado ipo, Madame Hapana amesema ndiyo! Na kwa kuwa mwanamke huyo hajawahi kumsifia mtu, watu waliamini kuliko ambavyo wangemwamini askofu. Habari zilimfikia Kavira huko Beni, naye akacheka pamoja na wengine.

Halafu vita vikasogea upande wa Vuhovi.

Kavira alipiga simu kwa mama yake, haipiti. Akapiga kwa mdogo wake, Luc, haipiti. Minara ilikuwa imezimika, watu wanakimbia na magodoro kichwani, na kila aliyefika Beni alikuwa na hadithi yake. Alikesha akisali. Siku zikapita namna hiyo, hana hamu ya samaki wala ya mvua, mpaka simu ikalia.

"Yaya, dada yangu, hapana ogopa," Luc alisema. "Tuko bazima, sisi bote. Tuko Butembo."

"Na Mama?"

"Mama iko pahali ya muzuri. Miguu ilimuvimba mu njia, hapana weza tena kutembea, na sisi tunalala mu classe ya masomo, chini, na batoto. Donc nikamupeleka Pumziko."

Kavira alianza kuvaa viatu.

"Nilikuwa naogopa," Luc aliendelea. "Unajua vile batu banasemaka juu ya mutu mwenye anaweka mama yake kwa bazee. Mais mu kanisa baliniambia ulipita pale, na jina yako balisoma. Nikasema, kama Kavira mwenyewe alisema ndiyo, mi niko nani? Tangu siku tulifika iko pale. Yaya? Unanisikia?"

Hakumsubiri amalize. Alichukua pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva aende, na kila dereva alipopunguza mwendo kwa ajili ya shimo alimgonga mgongoni kwa ngumi.

Roger alikuwa langoni, anang'aa.

"Madame! Mama yako tumemupatia place ya kwanza! Na ngoja nikupe surprise. Mama Débora aliposikia jina akasema, uyu ni mukwe yangu. Nikasema voilà, famille moja! Nimebaweka chumba moja, kitanda na kitanda, bapige masolo, bazungumuze."

Mtu wa Butembo asingefanya kosa hilo hata akiwa amelewa. Mama wa bwana na mama wa bibi ni watu wa kuonana wamevaa vizuri, wamekaa kwenye viti, mmoja anamkaribisha mwenzake kwa adabu na kuchagua maneno. Mbuzi wa mahari wamepita kati yao. Kula mbele ya mwenzako tu ni shughuli, sembuse kuvuliwa nguo. Shekinah alimweleza mkurugenzi. Mkurugenzi alicheka, akasema hayo ni mambo ya kijijini.

Mama Kanyere alikuwa amelala kauelekea ukuta, kikwembe kimekazwa shingoni. Harufu ilimpokea Kavira mlangoni.

"Hapana kubali nimuoshe," Shekinah alinong'ona. "Tangu alifika. Anasema hawezi, mukwe yake iko pale. Nilitaka kumuhamisha, Directeur akakatala."

Kavira alijikaza asilie. Mama huyu, ambaye hata shambani alikwenda na kitambaa safi kichwani, alikuwa amelala ndani ya uchafu wake siku zote hizo ili asidhalilike mbele ya yule aliyemfukuza binti yake.

"Mama, ni mi. Simama twende. Pikipiki iko inje, inatungojea."

"Hapana," mama yake alisema.

Neno hilo Kavira alizoea kulitoa. Kulipokea hakuzoea.

"Mukwe yangu alinielezea," Mama Kanyere alisema, bila kugeuka. "Alikuonyesha kidonda yake?"

"Alinionyesha."

"Na hii magodoro, uliiona?"

"Niliona."

"Ukaandika nini?"

Kavira alitazama kitanda cha pili. Mama Débora alikuwa macho, anasikiliza. Hasira za miaka yote zilimtoka kwa mara moja.

"Wewe ulisahau, Mama? Alinitupa inje mu mvua! Mutoto yangu alikufa mu njia sababu yake!"

"Hapana nifundishe ile. Mi ndiye nilimuzika." Sasa aligeuka, polepole, akishikilia kikwembe. "Ungekuya hapa na fimbo, umupige, ningekushikia mulango. Vraiment. Ile ni maneno yako na yeye. Mais ule muzee wa karibu na mulango alikukosea nini? Na ule mwenye hana mutoto? Ulibaona bote, ukabaacha balale mu mikojo sababu ya mutu moja. Na leo mi pia niko ndani."

"Nitatengeneza. Twende kwanza, nitatengeneza yote."

"Tengeneza kwanza. Siku bote batatoka, na mi nitatoka. Nikitoka leo, utakuwa umebasahau kabla ya kufika Beni. Nakujua, nilikuzaa."

Kavira alitoka uani. Akabonyeza namba ya mkubwa wake wa kazi, Monsieur Apollinaire. Alipompata alimweleza yote, kuanzia godoro la kwanza mpaka sahihi.

"Donc ulidanganya," Apollinaire alisema.

"Nilidanganya."

"Sababu ya nini? Alikupatia kitu?"

"Hapana. Ilikuwa kulipiza kisasi."

"Bon." Alishusha pumzi. "Kuanzia leo hapana kagua hata nyumba moja. Nitatuma mutu mwingine aanze upya. Mais hapana fikiri atafika kesho, unaona barabara vile iko. Na jua kitu moja, Kavira. Bale bote ulifungia nyumba batakuya kuniuliza kama hapana yako ilikuwa ya kweli. Nitabajibu nini?"

Kavira akakata simu. Roger alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote, na ule mng'ao umemtoka. Hakumkaribisha tena soda.

Basi ikawa hivyo. Mkaguzi mpya angekuja barabara ikiruhusu, mama hatoki mpaka atoke na wenzake, na kazi ya kuwatunza ilikuwa ya msichana mmoja. Kavira akavua viatu vya ngozi. Akaomba ndoo, akachemsha maji na Shekinah, akatundika kikwembe chake cha juu kati ya vitanda viwili, wakwe wasionane. Akabeba maji upande wa mama yake, akapiga magoti.

"Yeye kwanza," Mama Kanyere alisema.

"Mama!"

"Ni mama-mukwe yako. Mbuzi zao tulizikula, na hakuna mutu alizirudisha. Uko bado bibi wa kwao. Umuoshe yeye, kisha utanishika mi."

"Siwezi."

"Basi nitabaki vile niko."

Kavira alikaa pale na ndoo yake mpaka mvuke ulipoanza kupungua. Kisha akasimama, akazunguka kile kitambaa.

Msinitafutie msamaha hapa, haupo. Alipofunua kikwembe cha Mama Débora alimchukia kama siku ya kwanza, pengine zaidi. Kidonda kilikuwa kimekua tangu siku ile alipokifunika hadi kidevuni. Sasa viganja vyake viwili visingekifunika, na pembeni nyama imegeuka nyeusi. Alikiosha. Mzee aliuma meno wala hakulia. Akamwosha mikono, kwapa, tumbo, akamwosha miguu mpaka kwenye vile visigino vilivyopasuka. Muda wote alikuwa anangoja neno, asante au nisamehe, lolote lile, na alijiona mjinga kwa kulingoja. Mama Débora alitazama dari.

Kavira akakamua kitambaa, akanyanyua ndoo, akageuka aende kwa mama yake.

"Na mugongo," alisema Mama Débora, kwa sauti ile ile ya siku ya matanga.

Upande wa pili wa kikwembe Mama Kanyere hakusema kitu. Kavira alisubiri aseme. Halafu akaweka ndoo chini, akamgeuza mama mkwe wake kwa mikono miwili, akaanza mgongo.